Lamu Museum: ukienda Lamu usirudi bila kuiona siwa ya pembe

Nianze na maksi kabisa ili mwenye haraka asome hapa aende zake. Lamu Museum naipa nyota tano, na nyingi katika hizo ni za kitu kimoja tu, siwa ya Pate, lile baragumu la kifalme la pembe za ndovu kutoka kisiwa jirani cha Pate. Vitu vingine mle ndani ni vizuri na nitavisema huko mbele, lakini siwa ndio itakusimamisha mbele ya kioo mpaka usahau kuna watu nyuma yako wanangoja kupita. Naona watu wengi wanaandika kuhusu Lamu, mara punda, mara halua, mara mashua na machweo kule Shela, halafu museum wanaimalizia kwa mstari mmoja, "pia kuna museum ndogo." Jamani. Hiyo museum ndogo ina kitu ambacho mimi pwani yote niliyotembea sijaona cha kukikaribia.

Mimi ni mtu wa Mombasa na sisi pembe tumezikuta barabarani. Ukimwelekeza mtu mjini unamwambia shukia Mapembeni, na mgeni akija lazima apigwe picha chini ya yale mapembe makubwa ya Moi Avenue, manne, yamekingamana juu ya barabara, ukiyaangalia kwa mbali yanafanya herufi M. Nayapenda, ni alama ya mji wetu na sitaki mtu ayaguse. Lakini yale ni ya aluminiamu, na yaliwekwa miaka ya 1950 enzi za mkoloni, barabara bado ikiitwa Kilindini Road, kuupamba mji kwa ajili ya watu wa nyumba ya kifalme ya Uingereza wakija kutembea. Yaani pembe zinazojulikana kuliko zote Kenya zilijengwa kumlaki mgeni! Sasa siwa ni kinyume chake kabisa. Hii ni pembe ambayo watu wa pwani waliichonga wenyewe, kwa sherehe zao wenyewe, na ikivuma ilikuwa inasema jambo kati yao wao kwa wao, nani ana cheo, nani anaozesha, nani anatahiri, nani anatawala. Ndio maana nimeamua kuandika refu, manake naona watoto wetu wanakua wakijua pembe ni mambo mawili tu, majangili na watalii.

Safari sitaisema sana, wengi mnaijua, basi kutoka Mombasa unapita Malindi, Garsen, Witu mpaka Mokowe halafu unaingia boti. Ukifika kisiwani jumba lenyewe hulitafuti, liko mbele ya bahari karibu na jeti, la ghorofa, na veranda yake, ni la karne ya 19 na maofisa wa Kiingereza waliishi humo muda mrefu kabla halijageuzwa museum. Liko chini ya National Museums of Kenya, kwa hivyo bei ya raia, ya mkaazi na ya mgeni ni mbalimbali, beba kitambulisho chako usije ukalipishwa cha mgeni bure. Na ukiambiwa kuna mtu wa kukutembeza, mchukue. Usijione unajua kusoma. Lebo ya kwenye ukuta itakwambia kitu hiki ni nini na cha karne gani, ila haitakuigizia sauti, na haitakujibu swali la mtoto.

Sisi tulipewa kaka mmoja wa hapohapo Lamu, mpole, haongei kwa kukariri. Alituuliza kwanza sisi ni wa wapi, akajua tuna watoto, akajua tunataka nini, halafu akasema "basi dada, siwa tutaiacha mpaka mwisho, manake tukianza nayo hamtaangalia kingine." Nikamwomba tuanze nayo hivyo hivyo, nikamwambia nimekuja kwa ajili yake. Akacheka, akatupeleka.

Sasa siwa yenyewe. Ni ndefu kuliko mtu, inapita mita 2. Rangi si nyeupe kama unavyofikiria pembe, imeiva kwa umri, inaelekea unjano, na kuna sehemu imekolea zaidi. Imechongwa nakshi ambazo ukizifuata kwa macho utaona zile zile za kwenye milango ya Lamu na Siyu, mkono ni ule ule, wa fundi wa pwani ambaye hapendi kuacha sehemu tupu. Wanaihesabu kuwa ya karne ya 17, na jirani yake kuna siwa ya pili, ya shaba, hiyo ndio siwa ya Lamu, nayo ina kazi ya mkono si haba. Watu wa muziki wanazitaja hizi mbili kati ya ala za zamani kabisa zilizobaki katika Afrika kusini ya Sahara. Hebu fikiria, ala ya muziki. Manake ukiiona imelazwa pale kwenye kioo ni rahisi kudhani ni pambo, kumbe ni kitu cha kupulizwa.

Tena hapulizi mtu kwenye ncha kama tarumbeta. Tundu liko ubavuni. Kaka akasimama akaonyesha, mikono yote miwili kama ameibeba, shingo ameigeuza, midomo ameibana, akatoa ile sauti kwa mdomo wake, nzito, ndefu, inaanzia chini kifuani. Watoto walinyamaza wote. Halafu akaeleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata siku moja, kwamba pembe ya ndovu ina uwazi wa asili, ile sehemu iliyozama ndani ya fuvu, kama theluthi moja hivi, ndani yake ni tupu manake ndimo nyama ya jino na mishipa ya fahamu inamokaa. Kwa hivyo upande mmoja ndovu ameshakufanyia kazi. Ila kuelekea nchani pembe imejaa, ngumu, tena imepinda, na fundi lazima atoboe humo humo kufuata mpindo bila kupasua. Kwa vyombo vya wakati ule! Mimi nimewahi kuona fundi akitoboa mpingo mnyoofu tu na bado anavunja, sasa huyu wa siwa alikuwa na subira ya namna gani sijui.

Na usidhani Pate ndio walioanza. Mwaka 1498 mwezi wa Aprili Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, Wareno wenyewe waliandika kwenye habari za safari yao kwamba mfalme wa Malindi alikuja na wapigaji wake, na kati yao kulikuwa na tarumbeta mbili za pembe, zimechongwa vizuri, urefu wa mtu, zinapulizwa kwa tundu la ubavuni. Yaani ni maneno ya watu waliokuja mara ya kwanza hawajui wanachokiona, na bado ukisimama mbele ya kioo pale Lamu unaweza kuyasoma neno kwa neno ukaangalia kitu chenyewe. Urefu wa mtu, nakshi, tundu ubavuni. Mimi hapo ndipo nilipohisi nywele zimesimama. Shuleni tulifundishwa Vasco da Gama alifika Malindi akapewa nahodha wa kumpeleka Bara Hindi, basi. Hatukuambiwa alipigiwa siwa.

Halafu kuna kisa cha Mwana Darini, na hapa nawaomba mkae vizuri. Masimulizi ya zamani ya Pate yanasema Sultani alikuwa na sherehe ya kutahiri mwanawe, na Mwana Darini, ambaye alikuwa mke ndani ya ukoo wa Kinabahani, ule uliokuwa unaitawala Pate, naye alikuwa na mwanawe wa kutahiriwa, akaomba aazimwe siwa ya kifalme imvumie na wa kwake. Akanyimwa. Sasa mtu mwingine angelia au angeahirisha sherehe, yeye akamwita fundi, Mwenyi Bayayi, sharifu, hodari wa kuchonga, akamuuliza unaweza kunifanyia siwa kama ile? Akasema naweza. Akampa pembe za ndovu achague zinazomfaa, na akamwambia ifanywe kwa siri, ndani ya nyumba, mtu asijue. Mji ukashtukia siwa mpya imetoka inavuma. Mwana Darini akamtahiri mwanawe kwa siwa yake mwenyewe.

Kile kisa kaka alikisimulia kwa furaha mpaka na mimi nikapandwa na furaha, manake angalia kilichofanyika hapo. Siwa ilikuwa ndio ufalme. Aliyenayo ndiye anayeamua harusi ya nani itavumiwa na ya nani haitavumiwa, koo za kiungwana ndizo zilizokuwa na haki ya kuiazima, tena kwa malipo. Huyu mama akaelewa kwamba kama cheo kiko ndani ya pembe basi pembe zinapatikana, mafundi wapo, na pesa anayo. Nimesoma na kusikia habari nyingi za malkia na masultani wa pwani lakini huyu ameniingia zaidi. Binti yangu wa miaka 11 aliuliza kwani Sultani hakukasirika? Kaka akamwambia "mwanangu, akikasirika atafanya nini, siwa imeshavuma." Tuliporudi nyumbani bado alikuwa anaitaja.

Swali lingine lilikuja kutoka kwa mwanangu mdogo na ni zuri nalileta hapa kwa sababu wengi tunalikosea bila kujua. Aliuliza kama pembe ya ndovu inaota kichwani kama ya mbuzi. Haioti. Ni jino. Ni meno ya mbele ya juu yaliyorefuka yakatoka nje ya mdomo, na yanaendelea kukua maisha yote ya ndovu. Ngiri yale yake yaliyojikunja ni machonge, kiboko naye machonge yake ndio yale makubwa. Ya kifaru sasa ni kitu kingine kabisa, si jino wala haina mfupa ndani, imeshikana kwa kitu kile kile cha kucha na nywele. Ya ng'ombe na ya mbuzi ina mfupa ndani na ganda juu. Sisi Waswahili zote hizo tumeziita pembe, na kona ya nyumba ni pembe, na ya kupuliza ni pembe, na mama zetu wakipiga vugo harusini wanagonga pembe za ng'ombe kwa vijiti. Sioni kama ni upungufu wa lugha. Nadhani wazee hawakuwa wanaangalia imeotea wapi, walikuwa wanaangalia umbo, na matumizi. Na ile iliyochongwa ikapewa heshima wakaipa jina lake peke yake, siwa, haiitwi tena pembe ya mnyama.

Vyumba vingine nitavipitia haraka. Mambo ya mashua ni mazuri sana hasa kwa wavulana, kuna mifano ya vyombo vya zamani na ukimpata mtu wa kukueleza mtepe ulivyoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja utatoka na heshima nyingine kwa mafundi wetu. Mambo ya harusi, mavazi, vidani vya fedha, kina mama tulikaa hapo. Kuna vitu vya kuchimbuliwa kutoka magofu ya visiwani, na kuna vya majirani wa bara, Waorma, Wapokomo na Waboni, na hivi vya Waboni msiviruke kama mnataka kuielewa siwa, manake wale ndio waliokuwa wawindaji wa msitu wa nyuma ya Lamu, na pembe hazikuwa zinaota kisiwani, zilikuwa zinatoka huko bara kwa mikono ya watu kama wao. Kiti cha enzi nacho kiangalieni kwa karibu. Ni cha mbao nyeusi, kimekaa wima kweli kweli, si kiti cha kulegea, na vile vipande vyeupe vilivyotiwa ndani ya mbao ni pembe na mfupa. Kwa hivyo mtu mkubwa alikuwa anakalia pembe na kuvumiwa pembe siku moja.

Kuna jambo moja lilinikera na halihusu museum. Tukiwa mbele ya siwa likaingia kundi la kampuni moja ya tua, wageni kama kumi na kitu, na kiongozi wao akawaambia "hii ni pembe ya zamani ya sultani," picha, twende. Basi. Wakatoka hata hawajajua inapulizwa. Kama umelipia tua ya siku moja ya "Lamu yote" uliza kwanza museum mtakaa kiasi gani, na ukiambiwa mtapita tu, panga yako mwenyewe.

Na hili la pili ni zito zaidi. Kabla ya safari hii, katika duka moja la vinyago mji mwingine wa pwani, sitalitaja, mwenye duka alinivuta pembeni akanionyesha bangili akisema ni pembe halisi ya ndovu, ya zamani, ya bibi yake, akitaka pesa nyingi. Nimeshukuru Mungu niliangalia vizuri. Ilikuwa na vitone vidogo vidogo vyeusi na mistari mifupi, na hiyo ni dalili ya mfupa, wa ng'ombe au ngamia, manake mfupa una vitundu vya mishipa ya damu. Pembe ya ndovu ya kweli ukiikata kwa upana uso wake unaonyesha mistari inayokatizana kama iliyosukwa, na plastiki haionyeshi msuko huo. Lakini hata ingekuwa ya kweli, ndio hatari zaidi! Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 haina mchezo, kwa makosa ya wanyama walio hatarini iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha, na huyo muuzaji hatakuja kukutetea uwanja wa ndege. Mtu akikuuzia mfupa kwa jina la pembe amekuibia, na akikuuzia pembe yenyewe amekutia matatani, kwa hivyo njia ni moja, ondoka. Kama unapenda kazi za mkono mwambie fundi akutengenezee cha pembe ya ng'ombe au cha mfupa kwa jina lake, vipo vizuri sana, halali, bei yake ya haki, na mafundi wanakula.

Sasa nirudi kwenye siwa kwa sababu binti yangu aliuliza lile swali ambalo hata watu wazima wanaliogopa: ndovu aliuawa kwa ajili ya hii? Kaka hakumdanganya. Akamwambia ndio. Halafu akamweleza vizuri, na mimi naongezea ninayoyajua. Biashara ya pembe pwani hii ni ya kale kuliko miji yetu mingi. Al-Masudi, mwandishi wa Kiarabu aliyesafiri huku karne ya 10, aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanj, yaani pwani yetu hii, zilikuwa zinakwenda Oman na kutoka hapo Bara Hindi na China, na akasema wenyeji wenyewe hawazitumii kwa mahitaji yao. Siwa inaonyesha kwamba huko mbele watu walianza kubakisha kidogo kwa ajili yao. Kidogo tu. Ila karne ya 19 ndio mambo yaliharibika, Zanzibar ikawa soko kubwa la pembe, misafara ikaenda mpaka maziwa makuu na Kongo, na pembe zilibebwa mabegani na watu, wengi wao watumwa, njia ya miezi. Zilikuwa zinakwenda Bombay kufanywa bangili, zikienda Ulaya kufanywa mipira ya biliadi, zikienda Marekani kufanywa vibao vya piano, huko jimbo la Connecticut kuna mji uliitwa Ivoryton kwa sababu ya kazi hiyo, na pembe za Afrika Mashariki walizipenda kwa ulaini wake. Huwezi kuweka siwa moja ya harusi na tohara, iliyotunzwa zaidi ya miaka 300, kwenye mizani moja na biashara ya namna ile.

Na ya karibuni mnayajua. Julai 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe Nairobi National Park, dunia nzima ikaona, mwaka huo huo ikapigwa marufuku biashara ya pembe kimataifa. Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta akachoma tani 105. Mimi niliunga mkono na bado naunga mkono. Lakini nikiwa nimesimama pale Lamu niliwaza kwamba mtoto anayeona pembe kwenye moto tu atajua pembe ni uchafu wa kuteketezwa, na anayeziona Mapembeni tu atajua ni pambo la barabara. Anahitaji kuona na hii, ajue babu zake na bibi zake walifanya nini na pembe walipoamua kuifanya yao. Na anahitaji kuona ndovu wenyewe pia. Kama mko Nairobi wapelekeni Nairobi National Museum wamwone Ahmed wa Marsabit, yule ndovu ambaye Mzee Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais, akafa mwenyewe kwa uzee mwaka 1974, pembe zake zikapimwa kama kilo 67 kila moja. Sanamu lake liko nje uani, mtoto akisimama chini ya pembe zile ndipo atakapoelewa fundi wa siwa alipewa kitu cha ukubwa gani mikononi.

Ya mwisho mwisho ya kusaidia wanaokwenda. Ingia asubuhi kabla ya jua kukomaa na kabla ya makundi. Usichanganye na Ngome na Nyumba ya Kiswahili siku hiyo hiyo kama una watoto, watachoka na wewe utaanza kupiga miayo, heri Museum asubuhi, jioni mtembee mjini mkaangalie milango mtafute zile nakshi. Mtembezaji mpe chochote cha shukrani, anastahili. Picha uliza kwanza. Wakati wa Maulidi Lamu inajaa, ni raha ya aina yake, ila kwa museum chagua wakati mwingine.

Na kama una mzee wa kwenu anayetoka Pate, Siyu au Faza, huyo ndiye wa kwenda naye kabla ya mtu mwingine yeyote. Mlipie nauli, mlipie tiketi, mshushe vizuri kwenye boti. Mkifika mbele ya siwa msimkimbize, mwulizeni kwao harusi zilivumishwaje, nani alikuwa anapuliza, koo gani zilikuwa na haki na zipi hazikuwa nayo, na simu iwe imeshawashwa inarekodi, kwa ruhusa yake.